Mti wa Bunduki Chini ya Rwenzori

Katikati ya mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa kampuni ya Kiingereza iliyotaka kuitawala Uganda, alitoka Ankole akaingia tambarare za Busongora, nchi ya nyasi na joto kali iliyo chini ya vilima ambako leo iko miji ya Kisinga, Kinyamaseke na Bwera. Alikuwa akilifuata ziwa la chumvi la Katwe. Chumvi hiyo ililiwa Bunyoro, Toro, Ankole na ng'ambo ya mto Semliki, na aliyeimiliki hakukosa mali. Wakati huo iliangaliwa na Abarusura, askari wa Kabarega, mfalme wa Bunyoro. Lugard aliwafukuza, akajenga boma dogo akaliita Fort George, kisha akapita ubavu wa mashariki wa Rwenzori kwenda kumtawaza Kasagama kuwa mfalme wa Toro.

Watu wake, Wasudani na Wazanzibari, walibeba Snider. Hii ilikuwa bunduki ya Kiingereza iliyozaliwa kama Enfield ya mwaka 1853, ya kushindilia baruti mdomoni, kisha kuanzia 1866 ikakatwa nyuma na kutiwa mlango wa kuingizia risasi. Toleo lake refu lilikaribia mita 1.4 na uzito wake ulikuwa karibu kilo 4. Urefu huo haukupangwa kwa ajili ya kupita msituni wala kupanda mlima. Ulipangwa kwa ajili ya askari wa Ulaya waliosimama safu mbili, wa nyuma akipiga juu ya bega la mwenzake bila kumuunguza uso. Mti wake, ubao wa jozi uliotoka kitakoni hadi karibu na mdomo wa mtutu, ulikuwa kipande kimoja. Aliyeiona ndefu mno hakuwa na la kufanya ila kuchukua msumeno.

Tazama picha zozote za misafara ya miaka ile. Mbebaji wa bunduki ameishika kwa mbele, karibu na mdomo, mtutu umelala begani na kitako kiko nyuma ya mgongo wake. Ni ubebaji wa hatari, maana mdomo wa bunduki unamwelekea aliye mbele. Lakini una akili yake. Bunduki ndefu ya mti mmoja ina kitovu chake cha uzito mbele ya triga, sehemu ambayo ukiilaza juu ya kidole haielemei upande wowote. Kitovu hicho kikikaa juu ya bega, mkono haubebi kitu, unatuliza tu. Mtu anayetembea tangu alfajiri hadi jua la alasiri, mara nyingi na mzigo mwingine juu, hujifunza hilo bila kufundishwa. Tatizo lilianza pale alipotakiwa kuigeuza bunduki ileile, kuiweka begani na kulenga.

Vitabu vingi vya historia ya silaha katika nchi zetu vimeandikwa kwa kuhesabu mitutu na risasi: nani alikuwa na bunduki ngapi, zilipiga umbali gani, mzinga wa Maxim ulifyatua mara ngapi kwa dakika. Hesabu hizo zina haki yake. Hata hivyo naamini zimeupita mti bila kuuangalia, na mti ndio uliokutana na mwili wa mtu. Chuma kinaamua risasi itafika wapi ikishatoka. Mti unaamua kama itatoka ikielekea pale mpigaji alipokusudia.

Kinachopimwa kwanza ni urefu wa kitako, yaani masafa kutoka triga hadi bamba linalogusa bega. Kitako kikiwa kirefu kupita mkono wa mpigaji, hunasa kwenye nguo chini ya kwapa kinapopandishwa. Akifanikiwa kukiweka, mkono wa kulia unanyooka, kidole kinaifikia triga kwa ncha tu, na uso unarudi nyuma ya mahali ambapo jicho lingekutana na kilengeo. Zaidi ya hayo, bunduki nzima imesogea mbali na kifua, kwa hiyo uzito uleule unauvuta mkono wa kushoto kwa nguvu zaidi. Mdomo wa mtutu unaanza kushuka. Mpigaji anainua, unashuka tena, na hapo ndipo risasi huenda kwenye nyasi. Kitako kikiwa kifupi mno, matatizo yanageuka: kidole gumba kinagonga pua bunduki inaporudi nyuma, na mtutu unayumba kwa urahisi kwa sababu hakuna kinachoukaza.

La pili ni mahali uzito ulipokaa. Bunduki mbili zinaweza kulingana kwenye mizani, kilo 4 kwa kilo 4, na bado moja ikageuka upesi na nyingine ikachelewa. Uzito uliokusanyika kati ya mikono miwili huzunguka haraka na kusimama haraka. Uzito uliotawanyika kwenye ncha, mtutu mrefu mbele na kitako kinene nyuma, huanza kuzunguka polepole, na ukishaanza ni vigumu kuusimamisha. Ndiyo maana bunduki ya kulenga kwa utulivu, kwa mtu aliyelala chini, hupendelewa ikiwa nzito mbele, na bunduki ya kichakani, mahali nyati anapotoka hatua kumi mbele yako, hupendelewa ikiwa na uzito wake katikati.

Lugard alipofika Kavalli, magharibi ya Ziwa Albert, mwezi Septemba 1891, alimkuta ofisa Selim Bey na Wasudani waliobaki baada ya Emin Pasha, gavana wa Misri katika jimbo la Equatoria, kuondoka na msafiri Stanley mwaka 1889. Hao walikuwa na Remington za jeshi la Misri, bunduki za kilo 4 na kitu, zilizodumu miaka mingi mbali na ghala lolote. Lugard aliwachukua pamoja na wake, watoto na watumishi wao, watu zaidi ya 8,000, akawagawa katika maboma aliyoyajenga kuelekea Toro. Kutoka kwa askari hao ndiko kulikotokea Uganda Rifles mwaka 1895, na kutoka Uganda Rifles ndiko kulikotokea batalioni ya 4 ya King's African Rifles (KAR), jeshi lililoundwa tarehe 1 Januari 1902. Kwa maneno mengine, jeshi la kikoloni la Uganda liliingia duniani likiwa na mikono iliyozoea mti wa Remington, kisha likapewa mti mwingine.

Raia wa milimani hawakuingia katika mpango huo. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, isipokuwa kwa serikali na wenye ruhusa. Zilizoachwa wazi kwa biashara ni gobori, bunduki za kushindilia, zenye mtutu usio na mifuo ndani. Wafanyabiashara walijaribu kuuzunguka mkataba huo. Maarufu wao, Charles Stokes wa Ireland, alikamatwa na maofisa wa Kongo kwa kuuza silaha na akanyongwa Januari 1895. Kwa hiyo kwa muda mrefu mtu wa vilima vya Bukonzo, ubavuni mwa Rwenzori, aliyekuwa na bunduki alikuwa na gobori, ndefu, nyembamba, na kitako kilichochongwa Ulaya kwa ajili ya mnunuzi yeyote wa mbali. Mkuki, ambao ulikatwa na kuchongwa kwa kimo cha mwenyewe, ulimkaa mkononi vizuri zaidi. Sishangai kwamba ulidumu.

Kuhusu uzito peke yake, kuna kisa cha Samuel Baker, Mwingereza aliyefika Ziwa Albert tarehe 14 Machi 1864. Katika safari zake za miaka ile alimiliki bunduki kubwa iliyotengenezwa na fundi wa bunduki Holland, ya karibu kilo 9, iliyopiga risasi ya kulipuka ya nusu pauni. Aliiita Baby. Aliandika mwenyewe kwamba aliiogopa: kila alipoifyatua ilimzungusha mwili mzima. Kilo 9 za chuma na mti hazikutosha kuumeza msukumo wa baruti ile. Kanuni ni rahisi. Kwa risasi ileile, bunduki nyepesi hurudi nyuma kwa kasi kubwa zaidi na kupiga bega zaidi. Ukitaka wepesi, punguza baruti.

Jeshi la Uingereza lilijifunza hivyo kwa Martini-Henry, bunduki iliyoirithi Snider kuanzia 1871 na ambayo nayo ilizunguka sana Afrika Mashariki. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.8 na risasi ya gramu 31 juu ya gramu 5.5 za baruti nyeusi. Askari walitoka kwenye mapigano marefu wakiwa na mabega meusi. Ilipofupishwa ikawa karabini kwa wapanda farasi na wapiga mizinga, ilibidi risasi ipunguzwe hadi karibu gramu 27 na baruti hadi gramu 4.5, la sivyo isingevumilika. Martini ilileta pia jambo jipya ambalo mimi nalihesabu kubwa kuliko mlango wake wa kushuka: mti wake ulikuwa vipande viwili, kitako kimefungwa kwa skrubu ndefu nyuma ya chuma, na vitako vilitoka kiwandani kwa urefu wa aina mbili, kirefu na kifupi, tofauti yake nusu inchi. Hapo jeshi lilikiri kwamba mabega ya askari wake hayalingani.

Mtu aliyelielewa jambo hili kuliko wengine wote katika Uganda hakuwa askari. Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa 1880, alirudi Afrika Mashariki mwaka 1902 baada ya vita vya Makaburu, akaenda Karamoja kutafuta pembe, na jina la Karamojo likamganda hadi kifo chake mwaka 1954. Baada ya Karamoja alivuka Nile kwenda Lado, eneo lililokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha akaendelea Kongo na kwingineko. Aliua tembo zaidi ya 1,000. Siwezi kuiandika hesabu hiyo bila uchungu. Pembe zile zilikwenda kuwa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Lakini jinsi alivyowaua tembo hao inafundisha.

Wawindaji wenzake walibeba bunduki za mitutu miwili, za kilo 5 hadi 6, zenye risasi nene ya .450 au .577. Walikodi mtu wa kuwabebea, na walipomwona tembo walinyoosha mkono kupokea. Bell alichagua Rigby ya .275, chuma chake kimetoka kwa Mauser huko Ujerumani na mti wake umechongwa na mafundi wa London, waliompima mteja wao kama fundi cherehani anavyompima mtu koti: urefu wa mkono, upana wa kifua, shingo inainamaje. Risasi yake ilikuwa ndogo ya kijeshi, yenye ganda gumu lote, na kwa sababu baruti ilikuwa kidogo bunduki iliweza kuwa nyepesi bila kuadhibu bega. Aliibeba mwenyewe. Katika mwendo wa kutwa alikuwa akiipandisha begani mara kwa mara bila risasi ndani, akilenga kijiwe, ndege, tawi, hadi kupandisha kukawa kama kukunja mkono. Alikata fuvu la tembo kwa msumeno kutoka mbele hadi nyuma ili ajue ubongo unakaa wapi kwa kila pembe ya kutazamia. Siku ya kupiga, hakuhitaji nguvu. Alihitaji risasi ifike mahali penye ukubwa wa mkate, na mti uliomkaa sawasawa ndio uliomfikisha hapo.

Wengi waliomwiga kwa risasi ndogo walijeruhi tembo na kufa chini ya miguu yao. Walichukua mtutu wake na kuacha mti wake na mazoezi yake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, batalioni ya 4 ya KAR ilijikuta ikiulinda mpaka wa Kagera. Upande wa pili, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya baruti nyeusi ya mita 1.35 na kilo 4.5, iliyotoa wingu la moshi kila ilipofyatuliwa. Waingereza walikuwa na familia ya bunduki za risasi ya .303, na katika vita hivyo ikaenea ile fupi, Lee-Enfield ya sentimita 113. Ufupi wake ulikuwa uamuzi wa makusudi: bunduki moja kwa askari wa miguu na wa farasi pia, ili zile aina mbili za zamani, ndefu na karabini, ziishe. Mtutu wake ni sentimita 64 tu, lakini kofia ya chuma iliyofunga mdomo ni nzito, na bayoneti ikivalishwa inaongeza karibu nusu kilo mbele kabisa. Bunduki iliyokuwa imetulia mkononi inaanza kuinamisha pua. Askari aliyeamriwa kupiga huku bayoneti imevaliwa alipaswa kujua kwamba ameshika bunduki nyingine.

Kitako cha Lee-Enfield ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii. Nyuma kina bamba la shaba, na kwenye bamba kuna mlango mdogo unaofunguka kwa ukucha wa kidole gumba. Ndani mna chupa ndogo ya mafuta na kamba ya kusafishia mtutu, imekunjwa. Vitoe hivyo, vuta kizibo kilicho chini yake, na ndani kabisa ya tundu utakiona kichwa cha skrubu ndefu inayoshika kitako kwenye chuma. Fundi wa ghala mwenye bisibisi ya kutosha anaweza kukitoa kitako na kutia kingine. Ila ajihadhari: ncha ya mbele ya skrubu hiyo ni ya pembe nne na imebanwa na kibamba kilicho kwenye mti wa mbele, na asipouondoa kwanza mti huo, akaizungusha skrubu kwa nguvu, ataupasua. Mafundi wasio na mafunzo walipasua mingi.

Vitako hivyo vilikuwa na herufi iliyogongwa kwenye mti. L ni kirefu, S ni kifupi, kisicho na herufi ni cha kawaida, tofauti ya kimoja na kingine ikiwa nusu inchi. Wakati wa vita hivyo Waingereza walipoanzisha vikosi vya watu wafupi, waliokataliwa hapo kwanza kwa kutofika kimo, kikaongezwa cha nne, B, kifupi kwa inchi nzima kuliko cha kawaida. Askari aliyepewa chake alijipima kwa haraka: unaweka bamba la kitako kwenye kiwiko kilichokunjwa, unanyoosha kidole, unaona kama kinaifikia triga bila kujinyonga. Kwenye kambi za KAR, ambako Mkonzo, mtu wa Lango, Mkamba na Myao walizungumza Kiswahili kwa sababu hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja, hicho ndicho kipimo ambacho mtu angeweza kumwelekeza mwenzake kwa mkono tu.

Baada ya vita serikali ya Uganda ikaielekeza bunduki kwa tembo waliokuwa wakila mashamba. Katika miaka ya 1920 ikaundwa idara ya kuwadhibiti, chini ya Kapteni Charles Pitman, na mpigaji wake mkuu alikuwa Kapteni Roy Salmon, ambaye watu walimwita Samaki. Mapema mwaka 1925 Salmon aliwaongoza wageni wakubwa katika bonde la Semliki, upande wa kaskazini wa Rwenzori: Duke wa York, aliyekuja kuwa Mfalme George wa 6, na mke wake Elizabeth. Mwanamke huyo, wa umbo dogo, aliwinda kwa Rigby ya .275, aina ileile ya Bell. Wawindaji wengi wa wakati ule wangemkabidhi mke wa mwana wa mfalme bunduki nyepesi kwa kumhurumia. Kwa kweli alikuwa na silaha ya mtu aliyejua kupiga kuliko wao.

Vita vya pili viliwapeleka vijana wa Uganda mbali zaidi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikiwa na batalioni ya 4 ya KAR ndani yake, ilishuka bonde la Kabaw huko Burma katika mvua za mwaka 1944 na kuufikia mji wa Kalewa mwezi Desemba. Katika msitu ule kila sentimita ya mtutu ilinasa kwenye mianzi. Mwaka huohuo Waingereza walianza kutengeneza Lee-Enfield fupi kwa ajili ya vita vya Mashariki, namba 5, mtutu wake umekatwa hadi sentimita 48 na uzito umeshushwa hadi kilo 3.2, karibu kilo nzima chini ya Lee-Enfield ya kawaida ya wakati huo, namba 4. Ilipendeza mkononi. Lakini risasi ilibaki ileile ya .303, na kitakoni ilitiwa pedi nyembamba ya mpira iliyokusanya pigo lote mahali padogo pa bega badala ya kulitawanya. Aliyeibeba aliishukuru, na aliyeifyatua aliilaani. Ilipata pia sifa ya kuhamahama shabaha, leo inapiga hapa, kesho pale. Kanuni ya Baker na ya Martini ilikuwa imesahauliwa: walipunguza uzito bila kugusa baruti.

Tambarare ambazo Lugard alizipita zikawa hifadhi ya taifa mwaka 1952, kwanza kwa jina la Kazinga, kisha mwaka 1954 kwa jina la Queen Elizabeth. Miaka ya utawala wa Amin na vita vilivyomwondoa ilileta humo bunduki za kijeshi kwa wingi, na tembo waliokuwa maelfu walipohesabiwa mwaka 1980 walikuwa kama 150. Walioishi Kisinga na Katwe wakati ule walijifunza kuitambua bunduki kwa sauti yake.

Walinzi wa hifadhi leo, walio chini ya shirika la wanyamapori lililoundwa 1996, hubeba Kalashnikov. Ina sentimita 88 tu, kilo 3 na ushei kabla ya kutiwa risasi, na kitako chake ni kifupi sana ukikilinganisha na cha kawaida cha Lee-Enfield, kwa sababu jeshi lililoibuni lilipigana likiwa limevaa makoti mazito, na unene wa koti huongeza urefu wa kitako. Mlinzi wa Ishasha au Mweya, ndani ya hifadhi hiyo, anavaa shati. Kwa mtu mfupi, bunduki hiyo imekaa vizuri kuliko yoyote iliyopita hapa kabla yake. Mrefu ndiye anayekunja mikono na kusogeza uso mbele. Magazini yake ya risasi 30 hukaribia robo tatu ya kilo au kupita, nayo iko mbele ya triga, karibu na mkono wa kushoto, kwa hiyo bunduki ikijaa inaelemea mbele kidogo na kadiri risasi zinavyoisha mkono wa kushoto unapunguziwa mzigo. Doria za kutwa huanza na magazini iliyojaa, bunduki ikining'inia kwa mkanda, na mkanda huo huvutwa au kulegezwa mpaka mkono wa kulia uukute mshikio bila kuutafuta.